Deki inapogoma kuonyesha ya kale: dalili, chanzo na dawa ya mikanda ya VHS

Usibonyeze PLAY kwanza. Ushike mkanda mkononi, uutazame, uunuse, ndipo uamue. Naanza na hili kwa sababu mikanda mingi iliyonifikia ikiwa imekwisha kazi haikumalizwa na miaka thelathini ya kukaa kabatini. Ilimalizwa na dakika moja ya hamu: mtu kapata deki kwa jirani, kaingiza mkanda palepale, deki ikautafuna.

Hamu hiyo naielewa. Deki ndiyo mashine ya kurudi nyuma ambayo watu wa kawaida tuliwahi kuwa nayo sebuleni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo ukitaka kuuona mwaka 1988 wa Tanga au wa Mwanza, usiutafute kwenye hifadhi ya kituo cha Bara. Uko kwenye mkanda wa harusi, wa maulidi, wa kipaimara, uliopigwa na kijana aliyebeba kamera begani na mwenzake nyuma kashika taa kali. Wengi waliomo wameshatangulia mbele ya haki, na nakala ni hiyohiyo moja.

Mashine nazo zinakwisha. JVC ya Japani ilitoa VHS mwaka 1976, na Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki, iliacha Julai 2016. Deki yoyote utakayoipata leo ni mtumba, na mipira iliyomo ndani yake imezeeka. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini ninashikilia kwamba deki ijaribiwe kwanza kwa mkanda wa kafara, filamu yoyote ya zamani ambayo hakuna atakayeililia. Iache icheze nusu saa, irudishe nyuma mpaka mwanzo, utoe, ufungue kile kifuniko cha mbele cha kaseti uangalie kama utepe umelala vizuri. Ikipita hapo, ndipo tuzungumze juu ya mkanda wa marehemu.

Kitu kimoja zaidi kabla ya dalili. Kwenye mgongo wa kaseti, pale panapobandikwa karatasi ya jina, pembeni kuna kipande kidogo cha plastiki. Kikiwepo, deki inaweza kurekodi juu ya kilichomo. Kivunje. Nimeona mtu akikosea kitufe kimoja na kufuta sekunde kumi na mbili za mama yake akiimba.

Ukiutazama, una unga mweupe

Geuza kaseti uangalie kupitia vile vidirisha viwili. Utepe mzima huwa mweusi unaong'aa, pembeni umelala sawasawa kama daftari jipya. Ukiona madoa meupe au ya kijivu juu ya ukingo wake, kama unga uliomwagika na kufutwa nusu, huo ni ukungu. Ukinusa utapata harufu ya kabati la nguo lililofungwa masika mzima. Pwani yetu, kuanzia Lamu kushuka hadi Mtwara, pamoja na visiwa, ndiko unakoota zaidi, kwa sababu ya joto na unyevu wa mwaka mzima.

Mkanda huu usiingie kwenye deki hata kwa sekunde moja. Ukungu hugandisha mizunguko ya utepe, na deki ikivuta, utepe unachanika. Hata usipochanika, unga ule utajaa kwenye hedi (vile vichwa vidogo vinavyosoma utepe), kisha utahamia kwenye kila mkanda utakaofuata. Nimeshaona boksi zima la mikanda ya ukoo mmoja likiambukizwa na mmoja uliochezwa kwanza.

Cha kufanya ni kuukausha kwanza. Uweke kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi uwezavyo, wiki moja au mbili. Ukungu ukikauka hauendelei kukua, na unakuwa vumbi linalofutika. Usiuanike juani, maana joto linakunja plastiki na utepe.

Ukishakauka, vaa barakoa, toka nje penye hewa. Chini ya kaseti kuna skrubu tano. Zifungue kwa bisibisi ya nyota, uiweke kaseti ikiwa imelala kifudifudi, uishike pande zote mbili, kisha uigeuze ndipo unyanyue ganda la juu. Kabla hujagusa chochote piga picha kwa simu, kwa sababu vile visepringi vya breki vikiruka hutakumbuka vilikaaje. Futa kingo za mizunguko kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kikavu. Kisha uzungushe kwa mkono kutoka gurudumu moja hadi jingine huku kitambaa kimeupita utepe pande zote mbili bila kuubana. Mkanda wa saa tatu una utepe wa karibu mita 258. Itakuchukua nusu siku, na hiyo nusu siku ina thamani. Maji usitumie kabisa.

Ukimaliza, hamishia magurudumu kwenye ganda la kaseti nyingine iliyo safi. Ganda lenye ukungu litupe.

Deki inaingiza kaseti, inaitoa. Au inazima baada ya sekunde chache

Chanzo chepesi kuliko vyote ni unyevu. Ukiitoa deki kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaileta barazani, umande unaganda juu ya ngoma ya chuma inayobeba hedi, na deki nyingi zina kihisi kinachokataa kufanya kazi mpaka pakauke. Iache imewashwa saa mbili, bila mkanda.

Chanzo cha pili huwashangaza hata mafundi wageni. Mwanzo na mwisho wa kila mkanda wa VHS kuna kipande cha utepe kisicho na rangi, unaona upande wa pili. Katikati ya deki kuna kitaa, na pembeni vihisi viwili. Mwanga ukipenya, deki inajua mkanda umefika mwisho, inasimama. Sasa, ukifungua mfuniko wa deki ili uchunguze, halafu ukafanyia kazi chini ya jua au taa kali, mwanga wa nje unaingia kwenye vihisi na deki inadhani mkanda umekwisha. Funika kwa kadibodi ujaribu tena kabla hujailaumu mota.

Ikibaki hivyohivyo, ni mpira uliolegea. Ukisikia mota inazunguka lakini magurudumu hayaendi, usitafute zaidi.

Chenga tupu, au picha yenye chenga nyingi, lakini sauti inasikika

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu watupe mkanda mzima. Sauti ikisikika vizuri na picha ni chenga, mara nyingi utepe hauna kosa. Hedi ni chafu.

Picha ya VHS haikuandikwa kwa mstari mrefu kufuata utepe. Iliandikwa kwa mistari ya mshazari, mmoja baada ya mwingine, na hedi zilizo kwenye ngoma ya milimita 62 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika kwa mfumo wetu wa televisheni, PAL. Kila mstari una upana wa maikroni 49, mwembamba kuliko unywele wa kawaida. Chembe moja ya uchafu ikiziba tundu la hedi, picha imekwenda. Sauti ya kawaida husomwa na hedi nyingine, isiyozunguka, ndiyo maana inaendelea kusikika.

Kaseti za kusafishia zinasaidia uchafu mwepesi. Uchafu wa ukungu unataka mkono. Chomoa plagi, maana ndani kuna upande wa umeme wa nyumbani. Subiri, fungua mfuniko, na usisogeze vidole upande wa pawa. Ngoma utaiona mara moja: kitu cha duara kinachong'aa, kimeinama kidogo. Chukua kipande cha karatasi nyeupe ya printa, kilowanishe alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kibandike ubavuni mwa ngoma kwa kidole kimoja, na ukishikilie palepale. Kwa mkono mwingine zungusha ngoma kwa kushika juu yake, polepole, mizunguko kama ishirini. Karatasi haiendi popote. Ngoma ndiyo inayotembea. Utaona mistari myeusi au ya kahawia kwenye karatasi. Rudia kwa karatasi mpya mpaka itoke nyeupe.

Pamba za masikioni zikae mbali na hapa. Hedi ni kijiwe chembamba cha feraiti kilichochomoza kwa kiasi kidogo mno, nyuzi za pamba hukinasa, na ukisugua kwenda juu na chini unakivunja. Hedi iliyovunjika haina dawa. Deki nzima imekufa. Pamba hiyohiyo inafaa kwa rola ya mpira na ile nguzo nyembamba ya chuma inayovuta utepe, basi.

Acha pakauke robo saa. Jaribu kwa mkanda wa kafara.

Ukanda wa mistari unaopanda na kushuka kwenye picha

Tumia kitufe cha TRACKING. Mkanda uliorekodiwa kwenye deki nyingine au kwenye kamera hauwi sawa na deki yako kwa unywele, na kitufe hicho kinazioanisha hedi na njia yake. Kama deki inajirekebisha yenyewe lakini vibaya, zima hiyo kazi urekebishe kwa mkono. Mistari ikikataa kuondoka na picha inaonekana kwenda mbio, mkanda ulirekodiwa kwa kasi ndogo ya LP na deki yako ni ya SP tu, yaani kasi ya kawaida. Tafuta deki nyingine.

Kuna ukanda mwembamba wa vurugu chini kabisa ya picha ambao hautaondoka kamwe, na si ugonjwa. Ni pale hedi moja inapompokeza mwenzake. TV za chogo zilikuwa zinakificha kipande hicho nyuma ya fremu, na sisi hatukukijua mpaka zilipokuja za flati.

Picha inabiringika, haina rangi, na watu wanaongea kwa sauti nzito

Uliza mkanda ulitoka wapi. Kenya, Uganda na Tanzania tulitumia PAL, sawa na Uingereza na Oman, kwa hiyo harusi ya Muscat itacheza Tanga bila shida. Marekani na Kanada walitumia NTSC, yenye mistari ya picha 525 badala ya 625 na kasi tofauti ya utepe. Shangazi akituma mkanda wa mahafali kutoka Marekani, deki ya PAL pekee itauvuta polepole kuliko ulivyorekodiwa. Ndiyo sababu ya sauti ile nzito. Mkanda ni mzima kabisa. Tafuta deki iliyoandikwa NTSC mbele au nyuma yake, na TV inayokubali.

Kama picha imetulia vizuri ila haina rangi, huenda ni SECAM, waliyotumia Ufaransa na pia Kongo, Burundi na Rwanda. Mkanda uliorekodiwa kutoka televisheni ya Kinshasa au Bujumbura enzi hizo unaweza kukufanyia hivyo kwenye deki ya PAL. Mistari ni 625 ileile, rangi tu ndiyo hutumwa kwa njia nyingine.

TV ya flati inageuka bluu kila baada ya sekunde chache

Mkanda mzee hutoa alama za muda zinazoyumba. TV ya chogo ilivumilia: picha ilipinda kidogo juu, ukaendelea kutazama. TV ya flati na vifaa vya kunasa picha kwenye kompyuta havina uvumilivu huo. Vikikosa alama vinafunga picha na kuweka bluu. Watu wanadhani mkanda umekufa. Ukiwa na TV ya chogo stoo, usiiuze kwa watu wa chuma chakavu. Ndiyo itakayokuambia ukweli kuhusu mkanda.

Dawa ya kudumu ni kifaa kinachoitwa TBC, kinachoinyoosha kila mstari wa picha kabla haujatoka. Ni ghali. Njia ya mafundi ni kupitisha picha kwenye rekoda ya DVD: waya wa njano kutoka kwenye deki uingie kwenye rekoda, na kutoka hapo uende kwenye kompyuta. Si kila rekoda inafanya kazi hiyo, ila zilizo nzuri zinaituliza picha kiasi kwamba utadhani umebadilisha mkanda.

Picha ipo, sauti inakatika au haipo kabisa

Mama mmoja wa Ngamiani alikuja na mkanda wa ndoa yake ya 1990. Mumewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akautoa mkanda kwenye mkoba akiwa ameuzungushia kitambaa cha kichwa.

"Mwanangu, picha naiona," akasema. "Ninachotaka ni sauti yake akimjibu shehe. Ikifika pale tu, inapotea. Mafundi wawili wameniambia ndiyo basi."

Nikafungua kifuniko cha mbele, nikavuta utepe kidogo kuelekea pale paliposumbua. Ukingo wa juu ulikuwa umejikunja kama pindo la kanga lililopigwa pasi vibaya. Deki fulani iliwahi kuubana. Na ukingo wa juu wa utepe wa VHS ndipo ilipo njia ya sauti ya kawaida. (Ukingo wa chini ndio wenye alama za kuongoza kasi, ukikunjika wa chini, sauti itabaki na picha ndiyo itakayoruka.) Kwa hiyo wale mafundi hawakukosea kuhusu utepe. Pale hapakuwa na sauti ya kusomeka.

Ila huu haukuwa mkanda uliotoka kwenye kamera. Ulikuwa na majina ya maharusi yanayopita na muziki mwanzoni, maana yake ulihaririwa na kunakiliwa studio. Deki za Hi-Fi zilikuwa zimeshakuja tangu katikati ya miaka ya 1980, na deki ya Hi-Fi ikirekodi huandika sauti mara mbili: mara moja ukingoni, na mara ya pili katikati ya utepe, chini ya picha yenyewe, kwa hedi nyingine za sauti zinazozunguka kwenye ngoma hiyohiyo. Deki ya kawaida haiioni hiyo ya pili. Mama yule na mafundi wote wawili walikuwa wakitumia deki za kawaida.

Nikauingiza kwenye deki ya Hi-Fi. Shehe akauliza. Ikaja mikwaruzo kidogo, nikagusa TRACKING, ikaondoka. "Nimekubali," akasema bwana harusi, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotegemea, na watu nyuma yake wakaanza kuzungumza kwa pamoja. Nilikuwa nimeshaunganisha kompyuta tangu mwanzo, kwa hiyo mama alipotaka kurudia, alirudia kwenye kompyuta, mkanda ukabaki umepumzika. Alirudia mara sita.

Basi, kabla hujasema sauti imekufa, jaribu deki yenye maandishi Hi-Fi. Na kinyume chake pia: ukitumia Hi-Fi ukasikia mngurumo wa kukwaruza juu ya kila neno, njia ya kati ndiyo mbovu, badilisha mpangilio wa sauti uwe wa kawaida, NORMAL au MONO, usome ile ya ukingoni.

Deki imekula utepe, au utepe umekatika

Usiivute kaseti kwa nguvu. Zima, fungua mfuniko, utoe utepe polepole kutoka kwenye rola kwa vidole safi vikavu. Chanzo karibu kila mara ni rola ya mpira iliyokauka na kung'aa, au gurudumu la kupokea utepe lililochoka.

Ukikatika, uunge kwa selotepu maalumu ya kuungia utepe, upande wa nyuma tu, ncha mbili zikigusana bila kupandana. Selotepu ya ofisini gundi yake inatoka na kwenda moja kwa moja kwenye hedi. Ukishaunga, nakili kipande kabla ya kiungo na kipande baada yake, halafu usikipitishe tena.

Kaseti ni ndogo, haiingii

Kama ni VHS-C, kuna adapta yenye umbo la kaseti kubwa, inaingia kwenye deki ya kawaida. Kama imeandikwa 8 mm au Hi8, usihangaike kutafuta adapta. Haipo, kwa sababu utepe wake ni mwembamba kuliko wa VHS wa milimita 12.7. Inahitaji kamera ya aina yake.

Umefutwa, wamerekodi kitu kingine juu yake

Hili linaumiza kuliko yote, na mara nyingi watu hukata tamaa mapema. Kilichorekodiwa juu kinafunika urefu wake tu. Mechi ya saa moja na nusu kwenye mkanda wa saa tatu imeacha nusu nzima ya mkanda. Usiusukume mbele kwa kasi ukakisia. Uache ucheze, uweke saa, upite hata chenga za katikati.

Ndugu wawili waliniletea mkanda ulioandikwa kwa kalamu "Nyumbani Muheza", ndani yake filamu ya mapigano mwanzo hadi mwisho. Walikuwa wameshainuka. Filamu ikaisha, zikaja chenga, mmoja akashika mlango. Kisha ukatokea uwanja wa nyuma wa nyumba, kuku wawili, na bibi yao amekaa kwenye kigoda anapeta mchele, akimkemea anayempiga picha asimsogelee na lile litaa lake. Dakika nne na ushei, mpaka utepe ulipofika kwenye kile kipande kisicho na rangi, deki ikasimama yenyewe.